Gari la Umeme Limemrudisha Mke Wangu Kwao

Mpendwa Mama Benadeta,

Shikamoo mama. Naomba msaada wako maana nimefika mwisho, mimi ni mkulima wa kahawa na ndizi huku Nyakatuntu, Kyerwa, na huu ni mwezi wa tatu tangu niuze pikapu yangu ya dizeli nikanunua gari dogo la umeme lililotumika Japani, dashibodi yake inaongea Kijapani, muuzaji akaniambia likijaa chaji unatembea kilomita mia mbili bila kuingia sheli, nami nikafurahi kwa sababu mke wangu Jenifa ni mjamzito na nilimwahidi kwamba siku ya uchungu atapelekwa hospitali Kayanga kwa gari lake mwenyewe, hatabebwa tena kwenye bodaboda kama alivyobebwa kwa mtoto wetu wa kwanza, Noela.

Mama, gari hili linanidhalilisha. Hizo mia mbili sijaziona, hata mia ni kwa shida, na si kwamba sijui kuendesha, milima hii naijua miaka kumi na mbili, kila mteremko natoa gia kabisa gari linaserereka lenyewe kama tunavyofanya wote huku kubana mafuta, na betri siigusi mpaka iishe kabisa ndipo nachaji, kama simu, natumia waya ule ule unaowasha taa ya banda la kahawa, ukipata moto naufunika kwa jani bichi la mgomba unapoa, yaani nalitunza kuliko nilivyotunza pikapu, na bado linanizimikia njiani majirani wanapita wakiniuliza kama leo nimelilisha majani.

Jumamosi iliyopita tulitoka kliniki Kayanga, tukapitia kwa binamu yangu Kaijage kuchukua mikungu sita ya ndizi, mchango wake wa harusi ya mdogo wangu Ambrose, tulipofika mlima wa mwisho taa nyekundu ikawaka gari likaanza kujikongoja, nikamwomba Jenifa ashuke kidogo kupunguza uzito, atembee taratibu, nitamsubiri juu, na kweli gari likapanda vizuri tu, naye alipofika akaingia, ila kesho yake akapanda bodaboda akaenda kwa mama yake huko kijijini Ndama, amesema gari hilo hapandi tena. Zimebaki wiki tatu ajifungue na simu zangu hapokei. Nishauri mama, niuze gari nirudie dizeli, au nitafute betri nyingine, ili mke wangu arudi?

Ni mimi Privatus, Nyakatuntu.

*

Marahaba, Privatus.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nilikuwa naitafuta ile mikungu sita, nione ilishushwa wapi. Haikushushwa! Mwanamke wa miezi minane akapanda mlima kwa miguu, ndizi zikapanda kwa gari, halafu wewe umekaa unaniuliza habari za betri. Ai waitu, Privatus!

Najua utakalojibu: mchango wa harusi haushushwi barabarani. Mimi ni mzaliwa wa Muleba, ndizi za harusi nimezibeba kichwani tangu sijavaa viatu, na hakuna bibi harusi aliyekosa mume kwa sababu mkungu ulipumzika kwenye nyasi.

Nianze na gari, maana ndilo jepesi. Nilimpigia Dastan, fundi wa magari ya umeme pale Bukoba, nikamsomea barua yako. Alicheka sana. Nilipofika kwenye jani la mgomba akaacha kucheka. Anasema hivi: waya ukipata moto ni kwamba umezidiwa, na kuufunika ni kujichomea nyumba. Usichaji tena kwa waya huo, hata leo. Tafuta fundi umeme akuvutie waya mnene wa gari peke yake, wenye swichi yake na waya wa ardhi.

La pili, acha kutoa gia kwenye mteremko. Mazoea yana taabu, naelewa, lakini hapo hubani mafuta, unamwaga umeme. Gari la namna hiyo likishuka likiwa kwenye gia, magurudumu yanairudishia betri chaji. Tena kama gia yako ina herufi B, iweke hapo unaposhuka. Mungu amekupa milima, wewe umeigeuza hasara miezi mitatu! Na betri si ya kusubiri ife. Ikikaribia robo, chaji. Kila ukirudi nyumbani, chaji. Halafu hizo kilomita mia mbili zilikuwa za betri mpya kwenye lami iliyonyooka. Yako ni kuukuu, na Kyerwa ni milima. Safiri nalo peke yako siku moja hadi Kayanga, uandike limekula kiasi gani, ndipo ujue uwezo wake. Usiliuze. Halina kosa.

Sasa Jenifa. Unasema amekimbia gari. Mtu anayeogopa njia asingepanda bodaboda na tumbo lile, bodaboda ile ile uliyoapa hatapanda tena. Alikaa juu yake kwa hiari kwa sababu dereva wa bodaboda hakumwambia ashuke. Hilo limeniudhi mimi, sembuse yeye.

Kesho nenda Ndama. Gari liache nyumbani, panda bodaboda, mashimo yote uyahesabu kwa mgongo wako. Msalimie mama mkwe, ukae, usemwe mpaka wachoke. Kisha mwambie mkeo: "Nilikushusha wewe nikabakiza ndizi, nilikosea." Ukitaja betri, umeharibu. Akisema atajifungulia huko huko, kubali bila kununa, kwanza Ndama ni karibu na hospitali. Ukishavutiwa waya mpya, lipeleke gari huko likiwa limejaa chaji, uliegeshe kwa mama mkwe, usiliguse mpaka siku yenyewe.

Siku hiyo buti liwe tupu. Akija Kaijage na mkungu, mwambie asubiri. Na likizidiwa mlimani, shusha tairi la akiba, shusha jeki, vua hata viatu vyako uviache njiani. Jenifa abaki amekaa.