Neno la Siri Lilikuwa Karanga

Mjukuu wangu Minza,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Shinyanga tu wazima. Mama yako amerudi salama kutoka Ushirombo, na mvua imeanza vizuri.

Unaniuliza uwafanyeje wanafunzi wa chuo wanaoapa kuwa wameandika neno la siri sawasawa, na bado mfumo wa masomo mtandaoni unawakataa. Yalinikuta mimi!

Miaka ya tisini, nikiwa mwalimu kijana, tuliletewa kompyuta ya kwanza. Mkufunzi, mtu wa Tanga, alitutajia neno la kuingilia: karanga. Nikaliandika, ikakataa. Nikarudia polepole, ikakataa tena. Mkufunzi akasema anayeshindwa kuingia aondoke, awapishe wenzake. Nikasimama, machozi yananilenga.

"Kwani umeandika nini?" akauliza.

"Kalanga."

Minza, nilipigwa na butwaa! Kabla sijafungua mdomo, mashine ilishajua kuwa mimi ni Msukuma, ambaye r kwake ni l. Mkufunzi akaniuliza kwa upole mvua tunaiitaje nyumbani. Nikamwambia mbula. Akabadilisha neno, nikaandika mbula, ikafunguka.

Tangu siku ile, mtu akikwama, kwanza namwacha aseme, nimsikie.

Nimekutumia zawadi kwa basi. Juu ya mfuko nimeandika KALANGA. Huo hautakukataa.

Bibi yako,
Kabula