Kamba ya Kumi na Mbili

Jumamosi, 4 Machi
Leo binti yangu kafunga kamba makaburini. Kamba nyekundu, vigingi vinne, mita mbili kwa mbili. Kamba kumi na mbili kwa jumla, nyuma ya kanisa la zamani. Ndani ya kamba hapakatwi jani mwaka mzima — wanahesabu kila kilicho hai! Chuo kizima kimemkabidhi yeye kazi hii. Hata profesa mwenye mvi anamwuliza, "Tuanzie wapi?" Nimesikia kwa masikio yangu, nilikuwa nimewapelekea chai. Anawaeleza kwamba mji wote umechimbwa na kujengwa, ila uwanja huu haujalimwa miaka mia, kwa hiyo majani yaliyopotea kwingine yamejificha huku kwa wafu. Nani mwingine mtaani ana mtoto wa kusema maneno hayo? Nitajieni!

Yale madoa ya rangi ya chungwa kwenye mawe ya kale — mimi nilidhani uchafu. Kumbe yana uhai. Lenye ukubwa wa sarafu limenizidi umri.

Halafu nikaiona kamba ya kumi na mbili. Imezunguka kaburi la babake.

Jumapili, 5 Machi
Nimemwuliza baada ya ibada. Kasema, "Ni kura, mama. Kompyuta ndiyo iliyochagua." Nikamkumbusha kwamba tarehe 25 babake anatimiza miaka miwili kaburini. Kila mwezi nalisafisha lile kaburi, nang'oa, nafagia. Asogeze kamba hatua mbili tu! Kasema kura haisogezwi.

Na maua yangu niliyoyanunua, nikayapanda kwa mstari — kayaandika "wageni", eti si mimea ya asili ya hapa. Wageni! Kwa mume wangu!

Haya. Kazi ni kazi. Sitamharibia.

Jumapili, 12 Machi
Mama Redio, jirani yangu (jina alilitafuta mwenyewe kwa mdomo wake), kanishika mbele ya wanakwaya. "Jirani, msomi wako kamfugia babake nyasi? Au ng'ombe wa chuo watakuja kulishwa pale?" Wakacheka wote. Mimi nikubali? Nikamjibu, "Kaburi la mume wangu ndilo linaloongoza! Majani aina ishirini na tatu, vipepeo wanne, kinyonga mmoja. La mama mkwe wako limepata nini? Sisimizi!" Na ni kweli, nililichungulia daftari la mtoto. Kumi na mbili imezishinda kamba zote.

Nikarudi nyumbani nikakaa kwenye cherehani. Nikashona mfuko wa sare juu chini. Nikafumua. Nikashona tena juu chini.

Jumamosi, 18 Machi
Mlinzi wa makaburi kaleta suruali ya kupunguza. Akaanza kunisifia mtoto, hata hajui ananiambia nini. Eti kila Jumamosi anafika kabla ya wenzake, anakaa pale kwenye lile kaburi alilolifunga mwenyewe, anaongea peke yake.

Nikamwambia lile lilichaguliwa kwa kura.

Akacheka. "Kumi na moja ndiyo kura, mama. Hilo lako alilifunga jioni, wenzake wameshaondoka. Si mimi nilimshikia nyundo?"

Mkasi ukaniponyoka.

Kanidanganya. Mimi! Mamake!

Jumatano, 22 Machi
Niandike tu. Humu hasomi mtu.

Mume wangu alikufa mtoto akiwa kwenye mitihani ya mwisho, mbali. Alikuwa fundi bomba. Akichimba mitaro alimletea bintiye wadudu kwenye kopo la maziwa — jongoo, mabuu, vitu visivyo na jina. Wanavimwaga mezani pangu wanavihesabu, nami nawafokea wote wawili. Alipokufa nikawaambia ndugu: mwacheni amalize kwanza, ataambiwa. Tukazika. Siku tisa mtoto anapiga simu, namwambia baba kalala, baba katoka, baba yuko kazini. Siku moja kasema, "Mwambie yale mabuu yametoka kwenye mtihani!" Nikamwambia nitamwambia. Akarudi na begi lake, anacheka. Udongo ulikuwa umeshakauka.

Lakini daraja la kwanza! Angelipata vipi na msiba kichwani? Nimewasimulia watu wote, na hakuna aliyeniambia nilikosea.

Yeye aliuliza kitu kimoja tu: "Siku ngapi?" Basi. Hakulia mbele yangu.

Leo nimemvaa jikoni, anaosha vikombe. Kwa nini kaburi la babako, na kwa nini unidanganye? Hakugeuka hata. "Niache nimalize kwanza, mama. Utaambiwa."

Pole pole. Neno kwa neno. Kumbe ndugu walimwambia nilivyosema.

Mwaka mzima nisimguse! Mume wangu mwenyewe!

Jumamosi, 25 Machi
Naandikia hapa hapa makaburini, nimekalia jiwe la mtu. Daftari langu hili lilikuwa kwenye mfuko pamoja na mundu. Nilikuja mapema, kabla ya watu, nifyeke. Ni haki yangu! Nikavuka kamba. Nikakata konzi moja ya majani. Nilipoishika ya pili, kinyonga huyo, kwenye bua lenyewe. Kwa jicho moja ananitazama mimi, kwa jingine anatazama njia. Nami nikatazama njia.

Binti yangu. Na kigoda chake, na daftari, na kopo la maziwa — lile lile, lina kutu sasa.

Nilijua atapiga kelele. Nilitaka apige kelele. Akakaa nje ya kamba. Akayachukua majani niliyoyakata, akayahesabu moja moja, akaandika. Kisha bila kuinua macho akaanza kuniuliza. Miaka miwili hajauliza! Jeneza walibeba akina nani? Mvua ilinyesha? Alivalishwa shati gani? Nikajibu yote. La bluu, nilimshonea mwenyewe, kola imekaa vizuri, kila mtu alisifu. Anaandika. Kwenye ukurasa ule ule wa majani.

Halafu kasema, "Baba aliniulizia?"

Siku nne aliumwa. Alimwulizia zote nne. Ya mwisho sauti ilikuwa haitoki tena, akainyooshea simu kidole. Nami nikaichukua ile simu nikaifungia kwenye droo ya cherehani.

Kalamu yake iko juu, haijagusa karatasi. Ananitazama naandika. Kauliza tena, kwa sauti ndogo. Nimemwambia ngoja, nimalize kwanza —