Neno la Kuaga

Jumatatu, 3 Agosti 1998
Saa kumi na mbili Mama hajafika. Saa moja kasoro, bado. Kila asubuhi anavuka daraja kutoka Bukavu, anabaki na Neema, mimi nateremka kazini Cyangugu. Leo daraja limefungwa. Ng'ambo, Kongo, wanapigana tena. Sijui Mama yuko hai au vipi. Nimemwacha mtoto kwa jirani, Mama Salima, nikachelewa ghalani nusu saa. Na hii ni wiki yangu ya pili tu, bado wananijaribu.

Jumanne, 4 Agosti
Daraja bado. Mama Salima kanipokelea mtoto tena. "Lakini kesho minaenda Ruhwa kutafuta bitambaa, Maman Neema." Ni fundi wa kushona, na ana watoto wake wanne. Simlaumu.

Jumatano, 5 Agosti
Nimemfungia Neema ndani. Ana miaka miwili tu. Uji, kikombe cha maji, kufuli. Kutwa nimepima magunia ya kahawa, masikio yakiwa nyumbani. Nilipofungua nilimkuta amelala sakafuni mlangoni, sauti imemkauka. Najichukia.

Alhamisi, 6 Agosti
Mama Salima amerudi. Atamshika mtoto mpaka saa tisa, halafu anakwenda kwenye cherehani yake sokoni. Kwa hiyo lazima nimwombe mkuu wa ghala nitoke saa tisa badala ya kumi na moja. Mpaka daraja lifunguliwe, basi.
Mkuu amekulia Uganda. Kifaransa hasikii, Kiswahili changu cha Bukavu anakikunjia uso. Nimemwandikia kwa Kinyarwanda, ingawa changu ni cha jikoni. Kwa sababu ya mtoto, *ndasaba gusezera*. Yaani naomba kuaga, niondoke mapema. Mambo ya saa nitaeleza kwa mdomo. Nimeisoma mara tatu, nikajiona msomi.

Ijumaa, 7 Agosti
Ameisoma akiwa amesimama. Akaitikia kwa kichwa, akanipa mkono, akamtakia mtoto heri. Hakuuliza saa. Nikamshukuru mara mbili! Saa tisa nikatoka, hakuna aliyenisemesha. Kumbe ni mtu mwema.

Jumatatu, 10 Agosti
Kwenye mizani kuna msichana mwingine. Nikadhani nimeletewa msaidizi. Mkuu akatoa barua yangu, akaweka kidole kwenye neno lile. Mtu akiandika *gusezera* kazini, ameacha kazi. Ndivyo alivyosoma, ndivyo alivyokubali.
Nimeeleza kwa lugha tatu, nikalia kwa zote. Hakukasirika. Alisema msichana ameshaajiriwa, naye pia ana watoto. Afadhali angenifokea.
Mama Salima alishika kichwa. "Woyi, Maman Neema! Ile njo kuacha kazi! Juu ya nini haukuniuliza?"
Kiburi tu. Nilitaka mkuu aone mimi ni Mnyarwanda kama yeye. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilijikwaa kwa kalamu, na sahihi nikatia mwenyewe.
Sina kazi. Sina habari za Mama. Nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Jumanne, 11 Agosti
Nimefua nguo. Neema amecheza na povu. Kila nikisimama anakimbia kushika kitenge changu. Akiona siendi, anacheka. Leo hajalia hata mara moja.