Namba za Benchini

Solo, Jumamosi

Kaka Kuncoro,

Kabla hata ya salamu nakuomba jambo moja: yaliyomo humu yasitoke kinywani mwako, hata kwa shemeji. Ikijulikana kwamba nimekuandikia, kazi sina, na pengine yatanifika makubwa zaidi.

Baada ya hilo, assalamu alaikum. Natumaini nyote hamjambo huko Balikpapan, na kwamba kikohozi cha mtoto kimetulia. Mimi mwili mzima, moyo ndio unaochemka. Mama tunaye. Damu yake bado inasafishwa kwa mashine kila Jumanne na Ijumaa, na ule mwasho wa wenye figo mbovu haujamwacha.

Naandika juu ya mwasho huo. Unajua mimi ni karani wa idara ya ngozi, chini ya Profesa Danardono. Mwaka huu yeye na madaktari wenzake watano waliamua kuunda Chama cha Taaluma ya Mwasho. Wapishi wa kantini walicheka mpaka wakashika meza. Mmoja akaniuliza kama mwenyekiti atapatikana kwa kura au kwa urefu wa kucha. Mimi sikucheka. Mwenye maumivu ana wataalamu wake, lakini anayewashwa huambiwa tu aache kujikuna. Katiba ya chama niliichapa mimi, rasimu saba, na kila moja niliichapa kwa furaha.

Uovu uliingilia kwenye namba. Chama kilitaka kuzaliwa na ugunduzi mkononi, nao ni marhamu ya Profesa. Wagonjwa arobaini waliipaka miezi miwili, kisha mmoja mmoja wakaingia chumbani kwake, naye mwenyewe akawauliza mwasho wao ni ngapi, kuanzia sifuri hadi kumi. Unatujua sisi. Nani atamtazama usoni profesa aliyetengeneza dawa kwa mkono wake, amwambie haifai kitu? Walishusha macho, wakashukuru, wakasema mbili, labda tatu. Kisha wakatoka kuja kwenye benchi langu kujaza anwani, na kucha zikaanza kazi. Mzee Karsono, fundi viatu, alichukua rula yangu akaipenyeza mgongoni. Nilimuuliza mbona ndani amesema mbili. Akanijibu, "Binti, mbili ile ni ya heshima. Ya ngozi ni nane. Na rula hii sikurudishii leo."

Basi nikaanza kuwauliza wote pale benchini, nikaandika namba ya pili kando ya ile ya kwanza. Kwa wengi mwasho haukuwa umeshuka hata kidogo. Nikampelekea Profesa, nikidhani nitashukuriwa. Hakunifokea, heri angenifokea. Alitabasamu, akasema hizo ni porojo za benchi, karani hapimi ugonjwa, na kwamba msichana ambaye mama yake anatibiwa hapa angekuwa wa kwanza kushukuru.

Kaka, tangu siku hiyo sili nikashiba. Kwa nguvu ya namba zake za chumbani yeye na wenzake wameandika kwamba mashine ya mwanga, ile wanayoangaziwa wenye mwasho, haihitajiki tena, iondolewe mwisho wa mwezi. Mwanga huo ndio pekee unaompoza Mama. Kwenye simu Mama huwa anakuonyesha uso wake tu. Hujaiona mikono. Mwanamke aliyetulea bila kutupiga hata kofi sasa ana mikono kama ya mtu aliyeburuzwa, na mtu mmoja anatabasamu na kuiita nafuu.

Jumatano chama kiliundwa mbele ya wakili wa hati. Wakili aliisoma hati kwa sauti, neno kwa neno, kama sheria inavyotaka, na wali ukapoa kwenye visanduku. Alipofika kwenye kiambatisho chenye matokeo ya marhamu, aliuliza kama nacho akisome. Profesa akamwambia, "Amekichapa karani wangu, kichukulie kuwa kimesomwa." Wale watano hawakukifunua wakisome. Kusoma mbele yake kungekuwa tusi, ungedhani wanamshuku. Wakatia herufi za mwanzo za majina yao pembeni mwa kila ukurasa, mimi nikiwafunulia kurasa. Kiambatisho kina safu mbili: namba za chumbani na namba za benchini. Nilikichapa hivyo makusudi.

Sasa lile zito. Namba ya chini kuliko zote, ambayo Profesa huitaja katika kila hotuba, ni ya Mama, naye alikuwa mmoja wa wale arobaini. Nayo hakuisema kwa heshima ya daktari. Nilimwambia mimi. Asubuhi ile, nikimfunga mtandio, nilimwomba asiniaibishe mbele ya bosi wangu, kwa kuwa mkataba wangu ulikuwa unasubiri sahihi yake. Alisema moja, akatoka, akaja benchini akaikalia mikono yake ili nisimwone akijikuna. Sikumuuliza kitu. Wiki tatu nafasi yake katika safu ya benchini ilibaki tupu. Jumanne, kabla ya kuchapa, nilimuuliza. Akasema tisa. Kisha akaniomba radhi kwa kuniharibia hesabu. Kwa hiyo hasira hii, kaka, nusu yake ni yangu mimi.

Jana mmoja wa wale watano alikisoma kiambatisho. Mkurugenzi wa hospitali amewaita wote Alhamisi saa nne asubuhi, na anataka kuwasikia wagonjwa wenyewe, Profesa akiwepo. Mimi nimekatazwa kuingia. Mama amekubali kusema tisa, lakini anasema hawezi kumpinga daktari akiwa peke yake. Anataka wewe uketi kando yake. Omba ruhusa kazini, kopa nauli, njoo.

Shemeji nisalimie, na mtoto mbusu. Mama anakusalimu, hajui nimekueleza ya asubuhi ile, na watu anawaambia kwamba alikosea kuhesabu. Mwache aseme hivyo.

Usipige simu ofisini wala nyumbani. Mpigie Bi Sarinem, muuza supu ya soto nyuma ya stesheni ya Jebres. Namba yake nimeiandika ndani ya bahasha. Mwambie siku na saa utakayofika, basi. Kila adhuhuri nipo kwake, meza ya ndani. Ukichelewa, nenda moja kwa moja hospitali, ingia mlango wa dobi, ghorofa ya pili. Mama atakuwa wa kwanza kuitwa.

Mdogo wako,
Ratri