Msumari wa Shemeji Régis

Vestine, hebu sikia haya.

Leo wakwe wamekuja kumposa mdogo wangu Keza, kwa mama pale Gitega. Shemeji Régis, mume wa dada, kaleta amplifaya kubwa kama jeneza, kaichomeka kwenye waya mwembamba uleule wa friji na birika la umeme. Fyuzi ikaungua, mshenga akiwa katikati ya hotuba.

Nikamwambia taratibu, "Shemeji, waya huu hauwezi mzigo huo."

Akacheka mbele ya wageni: "Fundi wa YouTube kasema!"

Kisha akaweka msumari mahali pa fyuzi. Msumari, Vestine! Msumari!

Waya ukayeyuka nyuma ya kiti cha mama, pazia likawaka. Nikakata umeme kwenye mita, tukauzima moto kwa soda za wageni.

Mama bado anakohoa moshi. Na bwana mkubwa anauliza, "Nani kamwagia Fanta amplifaya yangu?"