Kibaraza Chako Tumekivunja, Kaka

Nyumba ya Kona,
Mtaa wa Nyuma ya Soko.
Tarehe 4 Machi.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Mgongo umeacha kukusumbua? Wifi na wale mapacha wanaendeleaje? Sisi wazima. Mama naye yupo, sauti yake bado inafika mtaa wa pili bila simu.

Sasa keti kwanza. Kile kibaraza cha saruji ulichokijenga kuuzunguka mti wa mbele ya nyumba kabla hujasafiri, tumekivunja. Usinifokee kabla hujamaliza kusoma.

Mti ule unaujua, ni wa mtaa mzima. Mama anashonea chini yake kwa sababu ndani mabati yanachoma, fundi viatu amejibanza upande wa pili, na wanafunzi wakitoka shule wanapumzika hapo. Mwaka jana ukaanza kupukutisha majani ovyo. Sisi kwa mapenzi yetu tukazidisha maji, kila nyumba na ndoo yake. Muuza maziwa akawa anasuuzia madumu yake hapo, eti mbolea. Kumbe maji yote yalikuwa yanateleza juu ya saruji hadi mtaroni!

Mwezi wa kwanza akaja bwana miti wa manispaa. Akasema shina limebanwa na mizizi haipati maji wala hewa. Kibaraza kiondoke, la sivyo ataleta msumeno, maana mti ukikauka utaangukia watu.

Mama akagoma. Kibaraza hicho alikuwa akikifuta kila asubuhi, hata kama hakina vumbi. Akamwambia yule bwana, "Mwanangu amekijenga kwa mikono yake. Hapo hapaguswi!" Fundi viatu akanong'ona kwamba yeye heri atafute mwavuli mapema, maana kivuli kinakwenda. Mimi roho iliniuma, nikashindwa kujua niwe upande gani.

Mama akanuna siku kadhaa. Jumamosi moja tukasikia ko! ko! nje. Tukatoka mbio, tukamkuta na nyundo yako, jasho linamtiririka. Tukamsaidia mpaka tukaufikia udongo. Tumeulegeza, tukatandaza majani makavu juu yake, na sasa tunamwagilia kwa zamu. Machipukizi yameanza, Kaka! Nimefurahi kama mtoto. Mama amerudi na cherehani yake pale pale, anakalia kigoda.

Nilimuuliza kilichombadilisha. Akanijibu, "Kaka yako akija likizo nimkalishe juani?"

Fundi viatu, shangazi na majirani wote wanakusalimu. Wabusu mapacha, umsalimu sana Wifi. Mungu awape afya na riziki ya halali.

Jambo moja tu. Wiki hizi ukipiga simu, Mama ananisukumia mimi, eti yuko bafuni. Hayuko bafuni, Kaka. Anakaa hapa karibu yangu, anasikiliza kama umeshapata habari ukakasirika. Mpigie, umwambie amefanya vizuri.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitinda mimba