Maelezo Kuhusu Meseji za Sharifu Zilizojifuta

KITUO CHA POLISI, MASASI
15 Juni 2024

Jina: Bimdogo Dauda
Umri: Miaka 17
Kabila: Mmakonde
Dini: Mwislamu
Kazi: Mwanafunzi, kidato cha nne
Makazi: Chiwata

Nimeomba niandike kwa mkono wangu kwa sababu nikiangaliwa maneno hayatoki. Koplo Benedikto amekubali. Mama amekaa pembeni yangu.

Majaliwa Dauda ni kaka yangu wa tumbo moja. Sharifu Hamidu ni binamu yetu, mtoto wa marehemu mjomba Hamidu. Kwetu mjomba akifa, mali inakwenda kwa mtoto wa dada yake. Kwa hiyo mikorosho ya mjomba alipewa Majaliwa, siyo Sharifu. Ukoo ulikaa ukakubali, na Sharifu mwenyewe alisema, "Mimi nimeridhika."

Mnamo mwezi Mei mwaka huu Sharifu alimwambia kaka aweke kwenye simu programu ya meseji za siri. Alisema, "Humu tutaongea mambo ya ukoo, hakuna wa kutuchungulia." Simu ya kaka iko kwa Kiingereza, ndiyo maana niliiweka mimi. Meseji ya humo ukishaifungua inakaa sekunde chache, halafu haipo, kwako wala kwa aliyetuma. Afande ameniuliza mara tatu kwa nini sikuipiga picha. Ukijaribu kuipiga picha skrini inakuwa nyeusi. Nimemjibu mara tatu.

Msimu wa kupuliza mikorosho ulipoanza, kaka alikuwa anarudi shambani macho yamevimba kwa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, hawezi kusoma. Akawa ananipa simu nimsomee. Meseji ya kwanza ya Sharifu ilisema, "Majaliwa, kaburi lako nimeshalipima, kwa ufupi wako kulichimba siyo kazi." Kaka alicheka mpaka akakohoa. Mama akasema, "Mwambie na jeneza alete yeye." Mimi pia nilicheka. Binamu ni mtani. Anaweza kukuita maiti mbele ya mkweo na wewe huruhusiwi kununa.

Zikaja nyingine za hivyo. Halafu mzaha ukaanza kupungua ndani yake, lakini nyumbani kicheko kilikuwa kile kile.

Tarehe 11 Juni, Jumanne, baada ya adhuhuri, nilisoma hii: "Shamba la baba yangu usilikanyage tena. Alhamisi ukiingia, hutoki kwa miguu yako." Kaka alikuwa ananawa macho uani. Akasema, "Mjibu aje na machela kabisa." Nikaandika hivyo hivyo. Nilipotaka kuirudia ile yake, ilikuwa imeshapotea.

Nilimwambia mama, "Mama, hii siyo utani."

Mama akasema, "Wewe na woga wako."

Alhamisi tarehe 13 asubuhi nilipeleka uji shambani. Mashine ya kupulizia ilikuwa chini, inaunguruma peke yake. Kaka alikuwa amelala chini ya mkorosho, unga wa salfa umemfunika, miguu yote miwili imevunjwa chini ya magoti. Aliniambia walikuwa wawili, wameziba nyuso kwa vitambaa. Msimu huu kila mtu shambani ameziba uso kwa ajili ya salfa, kwa hiyo walipomsogelea hakushtuka. Hawakusema neno. Daktari amesema mguu wa kushoto huenda ukakatwa.

Jana Sharifu alipokamatwa alisema mbele yangu na mbele ya wazee, "Jamani, mimi nilikuwa namtania binamu yangu. Kama kuna meseji nyingine, Bimdogo aitoe tuione." Alikuwa anatabasamu. Wazee wakamwitikia. Mjomba Suleimani, mdogo wake mama, akaniambia, "Mwanangu, usimfunge ndugu yako kwa kitu ambacho hakipo."

Kilikuwepo. Nilikisoma kwa mdomo wangu.

Afande ameniuliza nilijuaje kwamba siyo utani. Mtani anakutukana msibani, arusini, kwenye foleni ya bombani. Anataka watu wasikie, na ukimrudishia vizuri yeye ndiye wa kwanza kucheka. Tangu mjomba afariki, Sharifu hajamtania kaka mbele ya watu hata mara moja. Wakikutana alikuwa anasema, "Shikamoo kaka," anapita. Matusi yote aliyapeleka kule yanakojifuta. Utani gani huo wa kufichwa? Alijua sisi tutacheka. Alitufanya tumchekee.

Namchukia. Afande amesema hilo siyo tukio, nisiliandike. Nimeliandika.

Hayo ndiyo niliyoyasoma na kuyaona, nimeyaandika mwenyewe, hakuna aliyenishurutisha. Sharifu akitaka nitayarudia mbele yake.

Sahihi: B. Dauda

Mimi Koplo Benedikto nathibitisha kuwa shahidi ameandika maelezo haya kwa hiari yake mbele ya mama yake mzazi, ambaye ameweka dole gumba. Kabla sijafunga jalada, Bw. Suleimani aliingia akaomba maelezo yafutwe, shauri likamalizwe nyumbani kwa kuwa mabinamu ni watani. Nilimuuliza shahidi. Kabla hajajibu, mama yake alisimama akamwambia Bw. Suleimani, "Suleimani, toka nje."

Alitoka. Jalada limefungwa na maelezo yote yakiwemo.